Habari za Mnuno, Kichaka cha Arobaini na Moja

Sogeeni karibu, enyi mnaodhani mmeshasikia habari za vita. Mmesikia za majemadari waliovuka mito na kuteka miji; sawa, wale walikuwa na majeshi, na farasi, na watu wa kuwapikia. Mimi nawaletea habari za mwanamke mmoja aliyekuwa na kibano cha bati, lenzi yenye ufa pembeni, na nusu saa tu kabla ya kitabu kwenda kiwandani. Anayetaka kukohoa akohoe sasa. Nikishaanza sirudii.

Katika jengo la ghorofa moja, nyuma ya ofisi ya maji, kipo chumba ambamo feni haijapata kuwashwa tangu iangikwe, kwa kuwa ingewashwa ingepeperusha kazi ya miaka sitini. Humo hulala mimea iliyokufa, imebanwa, imekaushwa, imegundishwa kwenye karatasi ngumu na kupangwa katika makabati kumi na moja ya chuma, kila ukoo kabati lake na kila aina jalada lake, na harufu ya dawa ya nondo imetanda humo hata chai ya saa nne ina ladha yake. Mlinzi wa ufalme huo alikuwa Mtunza Majalada, Mshika Kibano, Mwenye Funguo Kumi na Moja, Tishio la Mende, mwanamke wa miaka arobaini na sita ambaye kwa miaka kumi na tisa hajapoteza hata jani moja. Amepoteza miavuli mitatu na mchumba, lakini jani, hapana.

Ikawa siku ya Jumatano, saa saba na dakika ishirini na tano mchana, mama yake mzazi alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, katoka kliniki ya macho, macho yametiwa dawa na haoni ila ukungu. Juu ya meza palikuwa na kurasa za mwisho za kitabu cha vichaka vya dawa vya nchi kavu, ambacho saa nane kamili kingechukuliwa kupelekwa kwa mpiga chapa, nakala elfu mbili. Mtunza Majalada alikuwa akikagua nukta na mikato.

"Nisomee pale penye jina langu," mama yake akasema. "Miaka yote nawaambia watu jina langu limeandikwa na wataalamu. Leo nilisikie."

Na ni kweli, mwanamke yule aliitwa Mnuno na kijiji kizima, na binti yake alikuwa akijua tangu aanze kazi humo kwamba upo mmea uitwao Mnuno, na siku zote alidhani mama yake amepewa jina la mmea. Hakuwahi kuuliza. Nani hukaa akamhoji mama yake juu ya jina lake la utani?

Akasoma kwa sauti ya kutangaza: "Namba arobaini na moja. Mnuno. Kichaka kifupi cha nchi kavu, kigumu, chenye matawi yaliyojikunja. Hunuka kikiguswa. Mizizi huchemshwa kwa tumbo lililochafuka. Hufanana sana na mkunja-pua, ila mkunja-pua una miiba miwili miwili kila kifundo, na Mnuno una mmoja mmoja. Umeonekana mara moja tu."

"Endelea."

"Ndiyo mwisho, mama."

"Na mimi niko wapi hapo?"

"Si ndio huo? Mmea ambao wewe ulipewa jina lake."

Mama akageuza uso kuelekea sauti ilikotoka. "Nani kakwambia nimepewa jina la mti? Jina hilo kanipa marehemu shangazi, nilinuna siku tatu kwa kuachwa nyuma wakienda harusini, nina miaka sita. Na huo mti wenu ni mkunja-pua, mimi ndiye niliyempeleka yule kijana mwenye kofia kubwa akauone, mbuzi wangu walikuwa palepale. Akashika tawi, akaniangalia usoni, akasema, unaitwaje? Nikamwambia, Mnuno. Akaandika. Nikasema moyoni, huyu ni mtu. Maana walipita wengi na magari yao, wakauliza njia, wakauliza maji. Aliyeniuliza jina ni yeye peke yake."

Hapo kalamu ya Mtunza Majalada ikasimama.

Enyi wenye lugha yenu, mmeuona mtego? Unaitwaje: mtu huulizwa hivyo, na mti huulizwa hivyohivyo, herufi ile ile, mdomo ule ule. Kijana alikuwa ameshika tawi, akauliza habari za tawi. Mchunga mbuzi alikuwa ameangaliwa usoni, akajibu habari zake. Angalisema "kinaitwaje," kama anavyopaswa kusema mtu anayejua kuwa kichaka ni kichaka, tusingalikuwa hapa leo. Lakini alikuwa amesoma miaka saba namna ya kuainisha kila kiotacho juu ya ardhi, asiainishe swali lake mwenyewe, na mimi jambo hilo linanikera mpaka kesho.

Mama naye alikuwa anawaza, na mtu akiwa haoni huwaza upesi. "Kwa hiyo hakuniuliza mimi," akasema polepole. Kisha akasema, "Na kinanuka, mwanangu. Umesoma mwenyewe."

Mtunza Majalada akaona aibu na uchungu kwa pamoja, akaona nakala elfu mbili zikienda mashuleni na zahanati, na katika kila moja mama yake ni kichaka kifupi kinachonuka, kwa ajili ya tumbo. Saa ya ukutani ikasema saa saba na nusu. Akainuka, akavuta koti lake jeupe likakaa sawa mabegani, akaingia katika chumba cha Daktari pasipo kubisha hodi, jambo ambalo halikuwa limetokea katika ufalme ule tangu kuwekwa kwa kabati la kwanza.

Daktari, wa mimea si wa sindano, ndiye aliyekuwa yule kijana mwenye kofia. Sasa alikuwa mkuu wa chumba kile, kichwa chake cheupe, kustaafu kwake ni Ijumaa ileile, na katika maisha yake yote ya jua na miiba alikuwa amegundua aina moja tu mpya. Mnuno ulikuwa wake kama mtoto.

"Daktari," akanena Mtunza Majalada, amesimama wima, "nimekutumikia miaka kumi na tisa bila neno. Leo nina neno. Kichaka cha arobaini na moja hakipo. Kinachoitwa Mnuno kimeketi kwenye kiti cha wageni, kimeshika mkoba, na ni mama yangu."

Akaeleza. Daktari akasikiliza bila kupepesa, kisha naye akainuka, maana wakuu hawajibu wakiwa wamekaa.

"Binti yangu, mimi nimelala juani, nimechomwa na kila mwiba uliopo katika kurasa hizo, nimekunywa maji ya madimbwi ambayo ng'ombe waliyakataa. Nimetafuta miaka thelathini na miwili nikapata kichaka kimoja. Na wewe waniomba nikiue, siku mbili kabla sijaondoka, kwa maneno ya mama wa watu mwenye dawa machoni? Namheshimu mama. Lakini miiba ni mmoja mmoja. Ushahidi uko kwenye karatasi. Kama unao mwingine, ulete kutoka kwenye karatasi hiyohiyo, nami nitauinamia."

"Nitauleta," akasema Mtunza Majalada, ingawa hakuwa na hakika hata chembe.

Basi ukaanza ule mwendo mkuu, hatua kumi na mbili kutoka meza hadi kabati la tisa. Droo ya juu ilikuwa na ugomvi wa zamani na binadamu: ukiivuta kulia inakwama kushoto, ukiivuta kushoto inakwama pote. Shujaa wetu akapanda juu ya kigoda, akaipiga goti mara moja, akaitukana kwa sauti ya chini mara mbili, nayo ikajisalimisha kwa mlio uliosikika mpaka ofisi ya maji. Akashuka na jalada mikononi kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Ndani yake, karatasi moja tu. Juu ya karatasi, tawi moja lililokauka, jeusi kidogo, limejikunja. Chini kulia, lebo ya zamani kwa mwandiko wa kijana mwenye haraka: *Unaitwa Mnuno*. Chini kushoto palikuwa na kibahasha cha karatasi, si kikubwa kuliko stempu mbili, cha kuwekea vipande vinavyodondoka, na gundi yake ilikuwa haijafunguliwa tangu siku ya kwanza.

Akaweka lenzi jichoni. Kifundo cha kwanza, mwiba mmoja. Cha pili, mmoja. Cha tatu, mmoja, na yote imeelekea juu. Daktari akasimama nyuma yake, akikohoa kile kikohozi cha mtu anayeshinda. Lakini Mtunza Majalada hakuinua kichwa. Upande wa pili wa kila kifundo, pale panapolalia karatasi, palikuwa na alama ndogo ya duara, bapa, laini, kama kichwa cha msumari. Mwiba ukivunjika wenyewe huacha nyuzinyuzi. Hizi hazikuwa na nyuzi. Zilikuwa zimekatwa kwa mkasi. Akazihesabu: saba.

"Mama," akasema, "naomba usipumue."

"Nisipumue mpaka lini?"

"Mpaka nikwambie."

Na mwanamke yule, ambaye hakuwa ameona chochote tangu asubuhi, akajaza mashavu hewa na kutulia. Daktari naye akajikuta ameshikilia pumzi bila kuombwa. Kibano cha bati kikashuka juu ya kibahasha, kikakamata pembe ya gundi iliyokauka, kikavuta kidogo, kikapumzika, kikavuta tena. Pua ya Mtunza Majalada ikaanza kuwasha. Vumbi la miaka thelathini na miwili lilikuwa limemwona, likapeleka askari wake wote katika tundu la kushoto. Machozi yakamlenga jichoni. Midomo ikatetemeka. Chafya ile ingetoka, ushahidi wote ungeishia chini ya makabati na hakuna mkono wa kibinadamu ambao ungeupata tena. Akaibana pua kwa bega. Akavikunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Chafya ikazunguka, ikarudi, ikazunguka tena, ikakata tamaa ikashuka kooni na kumezwa. Hayo, mabwana na mabibi, ndiyo niliyoyaita mapambano, na sikuwadanganya.

Kibahasha kikafunguka. Akakiinamisha juu ya karatasi nyeupe, vikadondoka vipande vidogo vyeusi, vyenye ncha. Akavipanga kwa kibano katika mstari. Moja, mbili, tatu. Nne, tano. Sita.

Akakigonga kibahasha kwa ukucha. Kimya.

Akakigonga tena. Wa saba ukatoka.

"Pumua, mama," akasema, na chumba kizima kikapumua.

Daktari akachukua lenzi mwenyewe. Akaangalia makovu, akaangalia miiba, akarudi kwenye makovu, na polepole mgongo wake ukakubali kiti. "Nilikata," akasema, bila hotuba sasa. "Tawi lilikuwa halilali. Miiba ya upande wa chini ilikuwa inatoboa karatasi. Nikaikata kwa mkasi, nikaitia humo, nikasahau. Nilikuwa na homa safari ile. Niliporudi mezani nikaona miiba mmoja mmoja, na jina ambalo sikuwa nimelisikia popote. Ni mkunja-pua. Mtupu kabisa."

Hakuna aliyemcheka, na mimi pia, hapo nilipofika, sina hamu ya kumcheka.

Mama akauliza kutoka kwenye kiti chake, "Wewe ndiye mwenye kofia?"

"Ndiye. Shikamoo mama."

"Marahaba. Niambie ukweli, sitanuna. Siku ile, ulikuwa unauliza jina langu au la mti?"

Angeweza kudanganya. Mwanamke alikuwa haoni uso wake, na uongo ule ungekuwa wa huruma. Mtunza Majalada, ameshika kibano, alitamani adanganye.

"La mti, mama," akasema Daktari. "Na nilikuangalia usoni wakati nauliza. Nisamehe."

Mama akatikisa kichwa mara kadhaa. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya kanga, akasema ni dawa ya macho.

Daktari akainuka, akavuta kiti, akaketi mbele yake, magoti kwa magoti, na kutoa kalamu mfukoni. "Mama," akasema, "wewe unaitwa nani?"

Akamtajia. Si jina la utani la shangazi. Jina lake, na la baba yake, na la babu yake, yote matatu kwa mpangilio, polepole, kama mtu anayelipima uzito. Lilikuwa refu. Daktari akampa binti kalamu.

Sasa sikieni sheria ya chumba kile: lebo ya zamani haifutwi kamwe, hata ikiwa na kosa, hubandikwa nyingine pembeni. Mtunza Majalada akakata kipande cha karatasi, akaandika: *Unaitwa mkunja-pua. Aliyetuonyesha anaitwa*, na hapo akaandika majina yote matatu, mpaka yakavuka mstari na kupanda ukingoni. Akabandika, akakandamiza kwa kidole gumba, akahesabu hadi thelathini. Kisha akahamisha karatasi kutoka jalada moja hadi jalada jingine, mwendo wa shubiri tatu, na katika kurasa za kitabu akaifuta namba arobaini na moja, na chini ya mkunja-pua akaandika mstari uleule wa majina.

Saa nane kamili kitabu kikaondoka. Basi andikeni, enyi mnaoandika tarehe za falme: Jumatano ile, mchana, kwa U moja iliyoachiwa mti na A moja iliyorudishiwa mwenyewe, nchi kavu ilipungukiwa na kichaka kimoja, ikaongezeka mtu.