Habari za Kapteni na Abiria Mia Moja Themanini na Tisa Waliosikia Joto

Enyi mliozaa, nanyi mnaotarajia kuzaa, wekeni chini mafagio na masufuria, zimeni redio, ketini mahali penye kivuli, maana jambo lililotendeka Jumamosi ile halijapata kutendwa na fundi wa friji yeyote tangu maji yaanze kuganda. Mwenye mtoto anayependa kompyuta na asogee mbele, kwani yanamhusu. Ni habari za Kapteni, simba wa sebule, mwewe wa kiti chenye magurudumu, aliyeruka safari elfu mbili bila kuinua kisigino, akatua katika miji ambayo hata kuitamka hawezi, na ambaye tangu azaliwe, miaka ishirini na tisa sasa, hajapata kupanda ndege hata moja.

Kapteni huyu alikuwa na mama. Mashujaa wote wana mama, ila katika habari zao mama hutajwa mara moja tu, pale wanapozaliwa. Huyu alitajwa kila siku, hasa saa ya kula.

Mama alikuwa akiuza maziwa. Na wiki ile alikuwa na neno zito moyoni, kwa sababu mwalimu mkuu wa shule iliyo nyuma ya kituo cha mafuta alimwita akamwambia: "Mama, Jumamosi saa kumi walimu wana kikao. Niletee lita ishirini, ya baridi. Yakiwa mazuri, utaleta kila wiki. Yakiharibika usijisumbue tena. Aliyekutangulia alituletea maziwa yaliyokatika, walimu wakafundisha wiki nzima wameshika matumbo." Basi Ijumaa jioni mama aliyachemsha, akayapoza kwenye beseni, akayapanga frijini madumu manne ya lita tano tano. Usiku akaamka mara mbili kuyapapasa kama mtu apapasaye mtoto mwenye homa. Yalikuwa baridi. Akamshukuru Mungu, na akamshukuru pia kwamba mwanawe wa pekee ni fundi wa friji. Hilo la pili alilishukuru mapema mno.

Kulipopambazuka, majeshi yakakusanyika. Wa kwanza kufika alikuwa Masikio, kinyozi, aliyeitwa hivyo kwa kuwa husikia mashine ya kunyoa ikikaribia kufa wiki mbili kabla haijafa. Wa pili alikuwa Kitabu, karani wa stoo ya dawa, mtu asiyekunywa hata maji kabla ya kusoma maelekezo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Leo hamna kazi?"

"Leo tunazindua, mama."

"Mnazindua nini?"

"Ndege."

Mama akatazama sebule yake. Kochi moja, meza moja, friji pembeni kwa kuwa jikoni haikuingia, na kompyuta yenye vioo viwili. Hakuona pa kuweka ndege. Akaenda kuosha vyombo.

Lazima ifahamike kwamba mchezo ule wa kuendesha ndege huja na ndege zake, nazo zinaruka vizuri tu. Lakini mashujaa wale walikuwa wamezidharau siku nyingi. Walitaka ndege ya kuongezea, iliyoundwa na mafundi wa mbali, ambayo kila swichi inabonyezeka na kila taa inawaka. Ilikuwa imeteremka kutoka mtandaoni hadi ndani ya kompyuta kwa siku nne, kidogo kidogo, na katika siku hizo Kapteni aliilinda kama mwali, hakumruhusu mtu hata kufuta vumbi.

Kitabu akasimama katikati ya zulia, akakohoa, akanena:

"Ndugu zangu, wanaume wa anga! Nimesoma mwongozo wa ndege hii, kurasa mia nne na kumi, sikuruka hata moja ila zile zenye michoro. Nasimama mbele yenu kushuhudia kwamba vifuta kioo vinafuta, kwamba meza ya kulia ya abiria inakunjuka, na kwamba mlango wa choo unafunguka!"

Wakapiga makofi. Mlango wa choo cha nyumba ile ulikuwa umeng'oka bawaba tangu mwezi wa pili, na mwenye kutaka siri aliuzuia kwa mguu.

"Mlango nimeupokea," akajibu Masikio, naye akisimama. "Lakini mimi siwezi kununuliwa kwa mlango wa choo. Injini namba moja nimeisikiliza, sina neno. Injini namba mbili, jamani, haingurumi. Inalia kama mbu aliyenyimwa damu. Injini ya kweli huanzia chini, tumboni, drrrrm, ndipo inapanda. Hii haina tumbo."

"Haina tumbo?" akashtuka Kapteni.

"Haina tumbo."

"Wewe injini ya kweli umeisikia wapi?" akauliza mama kutoka jikoni.

"Kwenye video, mama."

Wakaujadili ukosefu huo wa tumbo saa nzima na dakika zake. Mabaraza yamewahi kugawa nchi kwa muda mfupi zaidi. Mwishowe wakakubaliana kuruka hivyo hivyo, kwa huzuni, na wakala kiapo kwamba ndege hii haitasimamishwa hewani kwa sababu yoyote, kwani rubani wa kweli hana kitufe cha kusimamisha mawingu. Kapteni akavaa vipokea sauti masikioni. Akashika usukani. Abiria mia moja themanini na tisa wakapaa, wala hakuna aliyewauliza wanakwenda kufanya nini.

Saa saba na nusu mama akafungua friji kutazama madumu. Taa ya ndani haikuwaka. Akafunga, akafungua tena kwa upole, kama mtu aliyekosea mlango. Giza. Akashika dumu. Halikuwa la moto, lakini ile baridi ya usiku ilikuwa imeaga.

Akageukia kiti chenye magurudumu.

"Mwanangu."

"Mama, tuko futi elfu thelathini na moja."

"Friji imekufa."

"Inatetemeka?"

"Haitetemeki."

"Nyuma yake kuna joto?"

"Hakuna."

"Basi ni kompresa," akasema Kapteni, macho yakiwa kiooni. Madaktari wengi hawawezi kumpima mgonjwa bila kumwona. Yeye aliweza, tena akiwa angani. "Au gesi imevuja. Tukitua nitaiangalia."

"Mnatua saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika hamsini."

"Mimi shuleni natakiwa saa kumi."

"Si unaona? Tutakuwa na dakika kumi nzima."

"Isimamishe hiyo ndege, uje utazame. Mwanangu, maziwa ya walimu yamo humu."

Wale wawili wakamgeukia kama mtu aliyetukana msikitini na kanisani kwa pamoja. "Ndege haisimamishwi hewani, mama," akasema Kitabu kwa heshima kubwa. "Na friji yenyewe, usinichukie, ni ya zamani. Ingekuwa ndege ingeshakatazwa kuruka."

Wahenga walisema mganga hajigangi. Hawakusema kama humganga mama yake.

Mara, wakati mama amesimama pale na mkono kifuani, kengele ikalia kutoka kwenye kompyuta na taa nyekundu ikawaka. Joto ndani ya ndege lilikuwa limepanda: thelathini na tatu, thelathini na sita, thelathini na tisa.

"Kapteni!" akapiga kelele Kitabu. "Abiria wanaiva!"

Hapo ndipo shujaa alipojulikana. Akajinyoosha kitini, akakunja mikono ya shati, akanena kwa sauti ambayo mama hakuwa ameisikia tangu siku alipofaulu mtihani wa ufundi:

"Msiogope! Mimi ni nani? Kwa mikono hii nimepoza mabucha matatu. Nimepoza duka la samaki lililokuwa limekimbiwa na paka. Nimepoza mochari, na wateja wake hawakulalamika! Leo nishindwe kupoza abiria? Kitabu, ukurasa!"

"Mia mbili kumi na nane!"

"Masikio, sikiliza feni!"

"Feni ya kushoto inakoroma!"

Wakaingia vitani. Swichi zikabonyezwa, zikaachiwa. Hewa ya injini ikafungwa, ikafunguliwa. Jasho likamtiririka Kapteni, maana sebuleni nako kulikuwa na joto, lakini hilo halikuwa na ukurasa.

Mama akawaacha. Akamimina kikombe kimoja cha maziwa kwenye sufuria ndogo, akaiweka motoni, akakaa juu yake na dua. Maziwa yaliyoharibika hukatika yakichemka, yakawa maji na mabonge. Yakapanda. Akasubiri. Yakafura meupe, mazima, bila bonge. Yalikuwa hai bado, lakini alijua hayangengoja siku yote. Saa ukutani ilisema saa nane na dakika tano.

Mama huyu aliishia darasa la saba. Hakufundishwa kompresa wala gesi. Maisha yalimfundisha jambo moja tu, kwamba chochote kikilala na kukataa kuamka, kwanza uliza kama kimekula. Akaisogeza friji kwa nyonga, kidogo, akachungulia nyuma yake.

Plagi ya friji ilikuwa chini, imelala ubavu kwenye vumbi, miguu yake mitatu juu. Na ndani ya tundu lake ukutani mlikuwa na plagi ngeni, nyeusi.

Mama akapiga magoti. Akaufuata waya wa ile plagi kwa kidole. Ukapita chini ya zulia. Ukazunguka mguu wa kochi. Ukapita chini ya viatu vya Masikio, naye akainua miguu kumpisha, kwa adabu, bila kutazama nani anatambaa. Ukaishia kwenye ekstensheni, na juu ya ekstensheni ile vilikuwa vimejipanga, kama nguruwe wachanga kwenye ziwa la mama yao, kompyuta, vioo viwili, spika mbili na usukani.

Mama akarudi kwa njia ile ile aliyojia. Akasimama. Magoti yalimuuma.

"Ishirini na mbili!" akalia Kapteni. "Nyuzi ishirini na mbili! Wamepoa!"

Wakakumbatiana watatu wale. Kitabu alifuta machozi kwa daftari. Masikio akasema siku hii watoto wataisoma shuleni.

"Hongereni," akasema mama. Mkono wake ulikuwa ukutani. "Hao abiria wana majina?"

"Hapana, mama," akacheka Kapteni. "Si watu watu. Kwenye kompyuta wanaandikwa uzito tu. Kilo."

"Nami nina kilo ishirini humu," akasema mama.

Akachomoa.

Vioo vikawa vyeusi. Ndege, usukani, choo chenye mlango, abiria na ubaridi wao wote, vikapotea bila hata kuaga. Mama akaiokota plagi yenye miguu mitatu, akaipangusa vumbi kwa kanga, akairudisha kwenye matundu yake matatu. Hakuna kengele iliyolia. Hakuna aliyemshika mkono.

Kisha, kutoka pembeni, kitu kikajikaza, kikatetemeka, kikaanzia chini kabisa, tumboni: drrrrrm.

Masikio akainua kidole, amefumba macho. "Tulieni," akanong'ona. "Sikilizeni. Ndiyo hiyo! Namba mbili imewaka! Jamani, ina tumbo!"

Lakini Kapteni hakufumba macho. Huo mlio aliujua kuliko alivyoijua sauti yake mwenyewe. Ndio uliomlisha tangu amalize chuo. Akavua vipokea sauti polepole.

"Hiyo ni friji," akasema.

Akamtazama mama. Akatazama plagi nyeusi iliyokuwa ikining'inia mkononi mwa mama kama panya aliyenaswa.

"Tundu letu lilikuwa linachezacheza," akasema. "Niliazima asubuhi. Nilisema dakika tano, mama."

"Ulimwambia nani?"

"Nilisema moyoni." Akaitazama friji. "Yameharibika?"

"Bado. Lakini si ya baridi, na mwalimu mkuu anataka ya baridi, na saa hizi ni saa nane na robo."

Ndipo Kapteni akainuka. Naam, andikeni hilo: akainuka, visigino vyote viwili. Hakutoa hotuba. Alikwenda mbio kwa mwenye bucha ambaye friji yake aliitengeneza yeye, akarudi na nusu gunia la barafu begani, maji yakimchuruzika mgongoni. Akaivunja kwenye beseni, akaitia chumvi kwani barafu yenye chumvi huuma zaidi, akayazamisha madumu manne, akawa anayazungusha kwa mkono, moja baada ya jingine, mpaka vidole vikafa ganzi. Mama alimtazama. Alikuwa fundi mzuri sana. Hilo ndilo lililokuwa likimuuma kila siku.

Saa tisa na nusu wakatoka. Kapteni madumu mawili, Masikio moja, Kitabu moja, na mama mbele yao mikono mitupu kama jemadari. Mwalimu mkuu akafungua dumu, akagusa, akanusa, akaonja kwa kijiko, akaonja tena. Wale wanaume watatu waliokuwa wamevuka bahari wakabana pumzi.

"Yako baridi," akasema. "Jumamosi ijayo lete lita ishirini na tano."

Hivyo ndivyo, siku ile, plagi ilivyorudi penye tundu lake. Hawakuja wapiga picha, wala bendera haikupandishwa. Mama alirudi nyumbani, akakata kipande cha kanga kuukuu, akaifunga ile plagi ya friji kwa mafundo saba.

Kesho yake Masikio alikuja na simu, akamwamkia mama, akaomba ruhusa ya kurekodi friji. Kapteni akaupachika mlio ule kwenye injini namba mbili, wakautuma kwa wenzao wa mitandaoni. Na wapenzi wa ndege, watu wazima wenye ndevu, waliokaa katika sebule tusizozijua, wakaandika kwamba hawajapata kusikia injini ya kweli namna ile. Mmoja alisema alitokwa na machozi. Hakuna aliyeuliza ndani yake mlikuwa na lita ngapi za maziwa.

Basi, wazazi wenzangu mlio na Kapteni nyumbani, friji ikizima msikimbilie kumwita fundi. Tazameni tundu kwanza. Na kama fundi ni huyo huyo Kapteni, tazameni kabla haijazima.