Sarafu ya Mjerumani na Mshtuko Wangu wa Hedaru

Wanakundi, leo aibu imenifika mpaka tumboni. Sisemi kwa mafumbo. Tumboni kabisa, juu kidogo ya kitovu au chini kidogo, daktari mwenyewe hana uhakika.

Kwa wasionijua: nauza viatu vya mtumba pale stendi ya Same, na tangu nipate akili sijawahi kulipa bei ya kwanza. Hata mahari nilipunguziwa mpaka wakwe wakaomba tupumzike kwanza tunywe chai. Silaha yangu ni mshtuko. Muuzaji akitaja bei, yoyote ile, nashika kifua, narudi hatua moja nyuma na kuvuta pumzi ndefu kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba. Hiiii. Muuzaji akiona hivyo anaingiwa na huruma, bei inaanza kuteremka yenyewe. Nimefanya hivi miaka mingi, sasa mwili unafanya wenyewe bila kuniuliza. (Hapo pakumbukeni. Mimi sikupakumbuka.)

Haya mambo ya sarafu za kale yamenianza juzi juzi tu. Niliona video ya mtu kauza kisarafu kimechakaa, akanunua shamba. Nikajiambia: huku kwetu Upareni Mjerumani alikaa, aliajiri watu, alilipa. Na Mpare akilipwa hatumii, anaweka. Kwa hiyo milima hii yote, kuanzia Usangi mpaka huku kwetu, ni benki iliyofungwa.

Nikajiunga na kundi jingine, la wakusanyaji. Mkuu wao ni mwalimu mstaafu wa Usangi, mzee mpole sana. Sharti lake ni moja, mgeni aoneshe sarafu yake ya kwanza. Nikatuma picha ya ndururu na shilingi tano ile yenye pembe pembe. Akanijibu kwa upole, "Hizo ni za juzi, mwanangu. Hata mimi ni wa zamani kuliko hizo."

Mama Neema, mke wangu, alipoona nahesabu pesa asubuhi akauliza nakwenda wapi. Nikamwambia Hedaru, kununua sarafu ya Mjerumani.

"Yaani unatoa hela inayonunua unga, unanunua hela isiyonunua hata kiberiti?"

"Ni ya kale, Mama Neema."

"Bibi yako naye ni wa kale. Mbona hujampelekea sukari?"

Nikaendelea kuhesabu. Mkusanyaji hajibizani na watu wa kawaida.

Nilijiandaa kitaalamu. Elfu ishirini na mbili nikaweka mfukoni, hiyo ndiyo ya kuonesha. Elfu tisini na tano nikazikunja ndani ya kofia ya sufu, nikaivuta mpaka masikioni. (Ndiyo, kofia ya sufu. Hedaru. Jua lile. Mwenye akili angeuliza maswali.)

Sokoni nikaelekezwa kwa Bi Mwanaisha, mama wa makamo anayeuza pasi za mkaa, vibatari na kufuli ambazo funguo zake zilishapotea. Nikamwamkia vizuri, akaitikia marahaba, akanitazama kofia. Kisha akatoa kopo la maziwa na kulitikisa. Wanakundi, ule mlio. Niliweka kofia sawa kama nimeona mchumba.

Katikati ya vifungo na misumari ilikuwepo moja. Ndogo, nyeupe iliyofifia, na juu yake Mjerumani mwenye masharubu na kofia ya chuma. Robo rupia, hela ya enzi zake. Nikajikumbusha kukunja uso, maana ukionesha furaha mbele ya muuzaji umeshalipa nusu.

"Hii itakuwa bati," nikasema.

"Kama bati liweke chini."

Sikuliweka chini. Kwenye ile video walisema fedha halisi haina ladha, ila bati linauma ulimi. Nikamuuliza, "Mama, naruhusiwa kuonja?"

"Onja, mwanangu. Wengine huonja maharage mabichi, sembuse hiyo."

Nikaiweka ulimini. Haina ladha. Haina ladha kabisa. Halisi! Na kwa sababu mdomo ulikuwa na kazi, nikainua kidevu kumuuliza bei.

"Themanini," akasema.

Mkono ukaenda kifuani wenyewe. Mguu ukarudi nyuma wenyewe. Na pumzi ikavutwa. Hiiii.

Mjerumani akapita.

Nilimsikia akishuka, taratibu, na kofia yake ya chuma. Nikabaki nimesimama, mkono kifuani, nikiwa kwa mara ya kwanza maishani nimeshtuka kweli.

"Iko wapi?" akauliza Bi Mwanaisha.

"Mama."

"Itoe mdomoni niione."

"Mdomoni haipo."

"Mkononi?"

Nikamwonesha mikono yote miwili. Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Kisha akafunika kopo lake bila haraka.

"Haya. Basi imeshauzwa."

Hapo soko likahamia kwetu. Muuza vitunguu wa jirani akanipiga mgongoni kwa nguvu, na dereva mmoja wa bodaboda akaja kumsaidia. (Yule wa bodaboda nadhani nilishawahi kumpunguzia nauli.) Haikutoka. Nikaanza kujitetea.

"Mama, hatukukubaliana bei. Hii bado ni mali yako. Iko kwangu kwa muda tu."

"Mwanangu, mtu akila andazi langu anasema limo kwake kwa muda?"

"Nitairudisha."

"Lini?"

"Ikitoka."

"Itakuwa mtumba," akasema muuza vitunguu. Watu wakaitikia kwamba kweli, hapo itakuwa mtumba.

Mnajua sisi Wapare na kesi. Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na hapa tulikuwa Wapare wawili na sarafu isiyoonekana. Yeye anasema themanini. Mimi nasema kitu ambacho nimekiona upande mmoja tu siwezi kulipia pande zote mbili. Watu wakagawanyika. Mzee mmoja akahoji kama sarafu ikiwa tumboni inahesabika imepokelewa. Nikaona nafasi. Nikatoa ile elfu ishirini na mbili, nikapindua mifuko nje yote miwili, nikasema kwa sauti ya yatima:

"Mama, nilicho nacho duniani leo ni hiki. Chukua chote. Nauli nitajua mwenyewe, nitatembea."

Nikasikia wanawake wanasema masikini. Muuza vitunguu, aliyekuwa upande wa mama, akahama akaja upande wangu. Bi Mwanaisha akaitazama mifuko yangu. Akashusha pumzi.

"Haya, lete hiyo ishirini na mbili. Mungu atajaza."

Jamani. Kutoka themanini mpaka ishirini na mbili, nikiwa nimeshaimeza. Moyoni nilikuwa nacheza ngoma. Ilikuwa kazi bora ya maisha yangu, na nilishaanza kupanga nitakavyowasimulia. Nilinyoosha mkono nimpe zile noti.

Hazikufika.

Sokoni pale kuna kuli mmoja, mtu mkubwa, wanamwita Winchi. Alikuwa anashusha magunia kwenye lori, akasikia kuna mtu kamezwa na sarafu, au sarafu imemmeza mtu, habari zilimfikia hivyo. Akaja mbio kuokoa maisha. Hakuuliza. Alinikamata vifundo vya miguu, akaniinua juu kichwa chini, akanikung'uta kama gunia linalodhaniwa limebakiwa na maharage.

Sarafu haikutoka.

Kofia ilitoka.

Noti nazo zikashuka moja moja kwa adabu, zikatandazika mbele ya Bi Mwanaisha. Nikiwa bado naning'inia, ile ishirini na mbili nimeikaza ngumini, nilimwona muuza vitunguu, miguu juu kichwa chini, akirudi upande wa mama.

"Imetoka?" akauliza Winchi, akanikung'uta tena.

"Niteremshe, kaka. Imetosha."

Bi Mwanaisha aliokota noti zote. Akazihesabu. Akazihesabu tena (nilimheshimu sana hapo). Akatoa themanini yake, na kumi na tano iliyobaki akanipa kwa mikono miwili.

"Chenji yako, mwanangu. Na ujue tu, mimi nilisema themanini ili tushuke pamoja. Nilikuwa nakupeleka thelathini."

Thelathini. Alisema kwa sauti, watu wote wakasikia. Mtoto mmoja mgongoni kwa mama yake alicheka, na yule bado hajajua hata hesabu.

Kwa hiyo leo, mbele ya soko zima la Hedaru, nimelipa bei ya kwanza. Kamili. Kichwa chini.

Nikaenda zahanati. Daktari ni binti mdogo, alijitahidi sana kuangalia ukutani wakati namweleza. Akasema kama sisikii maumivu wala sitapiki itatoka yenyewe, ninywe maji, nile mapapai, nikiona mabadiliko nirudi haraka. "Na utakuwa unaangalia," akasema.

"Nani ataangalia?"

"Wewe, baba. Sarafu si yako?"

Nikampigia simu mwalimu wa Usangi. Nilijua atacheka. Hakucheka, akaniuliza kwa makini ni ya mwaka gani.

"Upande wa mwaka sikuwahi kuufikia, Mwalimu."

"Sawa. Hongera, umepata sarafu nzuri. Sasa nisikilize, hili ni jambo wanaoanza wote wanakosea. Itakapotoka usiisafishe."

"Samahani?"

"Usiisugue, usiioshe kwa sabuni, usiitie ndimu. Sarafu ya kale ikisafishwa inapoteza thamani. Iache na hali yake, wenye kujua wanaitaka hivyo hivyo ilivyopatikana."

"Hivyo hivyo ilivyopatikana, Mwalimu?"

Akakohoa. Nadhani ndiyo kwanza alikuwa anafika nilipo mimi. Kisha akasema ana mgeni mlangoni, simu ikakatika.

Sasa niko nyumbani na papai la pili. Mama Neema amesikiliza yote bila kunikatiza, kisha akasema kitu hicho kisipopita kwenye sabuni na maji ya moto hakikai ndani ya nyumba yake, na mwenye nacho pia. Nikiiosha, napata hasara. Nisipoiosha, nalala stendi kwenye viatu. Nimepiga hesabu mara mbili, zote zimenikatalia.

Basi asinicheke mtu. Same nzima nionesheni mwingine mwenye rupia ya Mjerumani ambayo hakuna mwizi anayeweza kumchomolea.