Nikifa, Kiti Changu Kisiguswe

Karatu,
Siku ya mnada.

Ndugu Katibu Naisula,
Chama cha Wapishi na Wapagazi wa Kambi za Watalii.

Ninakuandikia nikiwa nimeegemea mito mitatu, moyo ukienda kama gari bovu la kwenda Wasso: unazima, unasukumwa, unawaka. Daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi. Basi kabla sijaondoka, ninalalamikia kwa heshima rasimu yako ya mwelekeo mpya wa chama, hasa ukurasa wa nne, unaosema mwenyekiti akifa achaguliwe mwingine. Huo ni uonevu kwa wafanyakazi wasioweza kujitetea.

1. Jambo lenyewe halitekelezeki. Ili marehemu afutwe daftarini, lazima mtu asimame asome jina lake. Nani atalisoma? Wengi wetu ni Wamasai, na kwetu jina la marehemu halitajwi. Yule mpagazi wa Kakesio, simtaji, unamjua, alituacha miaka kumi na mmoja iliyopita na hadi leo ni mjumbe wa kamati ya nidhamu. Hatujapata mwenye nidhamu kumpita.

2. Marehemu ni wanachama bora. Hawachelewi mkutanoni, hawaulizi chai iko wapi, wala meneja hawezi kuwatishia kuwafukuza kazi. Rasimu inataka viongozi wasioogopa. Nimekutafutia, tena wapo tele.

3. Hapa ninaungama. Uchaguzi uliopita ulishinda wewe, binti yangu. Ulipata kura thelathini na moja, mimi kumi na tisa. Lakini katiba, niliyoiandika mwenyewe, inasema anayenyamaza amemuunga mkono mwenyekiti. Nikapitisha kidole daftarini, bila kumtaja mtu, nikawakuta kumi na wanne walionyamaza. Wote wako chini ya udongo. Nikashinda kwa kura mbili, nikacheza mpaka fimbo ikaniponyoka.

4. Kwa hiyo muundo mpya uwe na Idara ya Waliotangulia, nami niwe mwenyekiti wake wa kudumu. Idara hii haitapungukiwa na watu kamwe. Siku moja tutawazidi ninyi kwa idadi, na hapo ndipo tutaitisha mgomo ambao hakuna hata mmoja wetu atakayerudi kazini. Ninyi mlio hai mtakuwa tawi letu la vijana.

Nisalimie wapishi wote, wapagazi wote, na yule meneja aliyetupatia hema linalovuja liwe ofisi. Mwambie ninamtangulia, na ajenda ninayo.

Wako katika mshikamano, na kwa siku chache zilizobaki katika mwili,

Parmuat
Mwenyekiti

Tanbihi: Saidi mwenye duka, anayenichapia barua hii, amefika hapo juu akaacha kuchapa. "Mzee wangu," ameniuliza, "kama jina lako halitatajwa, wakija wageni wakauliza mwenyekiti ni nani, watajibiwa nini?" Nimemaliza chai yake yote, nikaona mwenyekiti asiyetajika si mwenyekiti. Basi Naisula, kiti ni chako tangu siku ile ulipokishinda, na ukurasa wa nne ubaki kama ulivyo. Ila itisha mkutano Jumamosi hii. Nibebeni na mito yangu mitatu, kosa langu lisomwe mbele ya wote, kisha mnizomee kwa jina, Parmuat! Parmuat!, mpaka sauti ziwakauke. Bado inaruhusiwa.