Rais wa Vijana Ana Miaka Sitini na Mmoja

Jumatatu, 5 Septemba 2016

Sikukuu ya wafanyakazi ya huku Marekani. Kamau, Mkenya ninayefua naye mashuka katika nyumba ya wazee kule Plymouth, alipita kuchukua ngazi yake. Akauliza fomu ya Reine imefika wapi. Reine ni binti yangu. Anataka chuo cha maofisa wa jeshi. Chuo hakimpokei mtu kabla mbunge hajampendekeza, na fomu ya mbunge ina mistari kumi ya shughuli za nje ya darasa. Kamau akasema binti yake Keziah amejaza tisa. Tisa! Wa kumi, eti, wameuacha makusudi asionekane na majivuno.

Nikaangalia ya Reine. Miwili! Mbio za nyika, na kazi ya dukani, mjini Crystal, kila wikendi. Nikauliza mingine iko wapi. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba hakuna mingine, Papa, na kwamba niache kusoma nyuma ya bega lake.

Mke wangu Euphrasie alipokuwa anatutoka, miaka miwili iliyopita, nilimwahidi mtoto huyu atafika anakotaka. Euphrasie alipiga pasi hata soksi. Jeshi lingempenda.

Jumatano, 7 Septemba

Nimepata! Umoja wa Vijana wa Kivu, Minnesota. Rais: Reine. Wazo lilinijia kazini, kati ya mashine ya tatu na ya nne. Nimeshaagiza muhuri wa duara. Reine akasema umoja wa vijana unahitaji vijana. Jambo dogo hilo.

Jumapili, 11 Septemba

Mkutano wa kwanza, baada ya ibada, ukumbi wa chini wa kanisa. Vijana walikuwa na mpira. Walikuja watu wanane wa rika langu, maana Mama Goretti alisikia kuna sambusa. Nilipanga kumtangaza Reine rais, tupige makofi, tule. Mama Goretti akasimama. Akauliza tangu lini cheo kinagawiwa bila kura, ama tumevuka maji yote yale ili tuje kutawaliwa na Baba Reine? Kicheko ukumbi mzima. Kura zikakusanywa katika kofia yangu mwenyewe.

Mzee Mugabo, kura tisa. Reine, moja. Hiyo moja ni yangu. Reine naye alimpigia Mugabo. Alisema ndiye pekee aliyeomba kura.

Basi rais wa vijana ana miaka sitini na mmoja. Alihutubu dakika arobaini, akawashukuru vijana wenzake. Reine akapewa protokole, yaani kupanga viti, kugawa maji na kumwonyesha rais choo kilipo. Alifanya yote bila kununa. Nilinuna mimi kwa niaba yake.

Jumapili, 25 Septemba

Mkutano wa tatu. Rais alichelewa saa moja na nusu. Reine alikuwa ameshapanga viti, ameandika ajenda, amempigia simu kila mtu. Ameleta hata vijana sita, vijana wa kweli! Mzee akirefusha hotuba, Reine anasimama nyuma na kumwonyesha saa. Jioni nilimwonya asijichoshe. Hakuna kamati itakayomsifu kwa viti.

Alhamisi, 29 Septemba

Fomu inaondoka kesho. Reine akiwa mazoezini, niliichukua mezani nikajaza mstari wa tatu: Rais wa Umoja. Kisha muhuri. Kwetu hati isiyo na muhuri ni karatasi ya kufungia karanga. Wino ulikuwa mwingi. Ukapita hadi kwenye insha yake, pale alipoandika juu ya mama yake. Sikujua kwamba aliandika juu ya mama yake. Nilisoma kipande kilichosalimika: Euphrasie alivyokuwa akimpulizia uji, hata alipofikisha miaka kumi na miwili.

Reine aliporudi hakupiga kelele. Alizungumza Kiswahili, ndipo nikajua mambo ni makubwa. Alisema, "Papa, kule chuoni uongo mmoja tu unakufukuzisha." Akachapisha upya. Mstari wa tatu akaandika kwamba ni protokole. Protokole! Saba akaiacha wazi.

Jumamosi, 12 Novemba

Usaili mbele ya kamati ya mbunge. Nilingoja garini. Alitoka anatabasamu. Kanali mmoja mstaafu, alisema, alimuuliza juu ya protokole karibu muda wote. Ilikuwaje akaipata? Reine akajibu kwamba alishindwa uchaguzi, kura tisa kwa moja, na hiyo moja ilikuwa ya baba yake. Kanali akauliza alifanya nini baada ya hapo. Akajibu: nilimpangia mshindi viti. Na mshindi je, anaiweza kazi? Akajibu anajifunza, siku hizi anamaliza hotuba kwa dakika kumi na mbili. Kamati nzima ikacheka.

Kwa mawazo nilipitiliza njia ya kwenda nyumbani, tukajikuta Plymouth. Nilimwambia asikate tamaa, ipo pia kazi ya kufua.

Jumatano, 14 Desemba

Barua! Mbunge amempendekeza! Chuo chenyewe bado kuamua, lakini faili liko mezani. Reine alilia, nami nikalia, kisha akampigia simu Mzee Mugabo. Kamau alikuja kutupongeza. Keziah hakupata. Kamau alikiri kwamba mistari minne kati ya ile tisa ilikuwa kwaya ileile. Nilimpa pole kwa moyo wote.

Nimetafakari kilichomsaidia Reine. Ni suti. Niliichagua mimi.

Usiku huu nimesoma kwamba wazazi huruhusiwa kutembelea chuo mara chache tu. Nyumba hii ilikuwa ya watu watatu. Lakini kipo chama cha wazazi wa chuo hicho hapa Minnesota, na viongozi wake husafiri huko mara nyingi zaidi. Kiti cha makamu wa rais kiko wazi. Uchaguzi ni Januari, mjini Anoka. Nimeshaandikisha wapiga kura wanane. Hawana watoto jeshini, lakini fomu haikuuliza. Mama Goretti ameniahidi kura yake, na neno la Mama Goretti ni neno.