Ombi la Cheti cha Kutokuwa na Watu

Arlington, Texas

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Safari ya Baba na Mama Kigen

Mzee Patroba mpendwa,

Kabla sijalalamika, ni haki tukubaliane juu ya neno moja. Neno lenyewe ni mgeni. Katika barua hii, mgeni ni mtu anayelala katika nyumba ambamo hajui upande wa kitanda ulio wake, hajui taulo huanikwa wapi, na hawezi kufika jikoni gizani bila kugonga kidole cha mguu. Wageni ni wa aina mbili. Yuko mgeni wa kulipa, ambaye ugeni wake hukoma asubuhi anaporudisha ufunguo. Yuko pia mgeni wa kupendwa, ambaye ugeni wake haukomi hadi wenyeji wamshibishe, wampige picha, wamsindikize mpaka barabarani, kisha wamrudishe ndani kwa sababu alikuwa hajaombewa. Mimi na mke wangu Gakii tulikusudia kuwa wageni wa aina ya kwanza. Kamati yako imetupandisha cheo hadi aina ya pili bila hata kutufanyia usaili.

Habari yenyewe ni fupi. Gakii, kama ujuavyo, ni muuguzi wa zamu ya usiku kule Dallas. Mimi hufundisha mantiki mchana hapa chuoni. Anapoingia, mimi natoka. Tunaonana mlangoni, yeye akiwa na viatu mkononi na mimi nikiwa na kikombe cha kahawa, tunaulizana kama gari lina mafuta, basi. Kitanda chetu hakijapata nafasi ya kupoa tangu tuhamie Texas. Ndipo tukaona kwenye simu picha ya chumba kimoja katika nyumba ya wageni ya bei nafuu huko Wells, Uingereza. Wells huitwa jiji kwa kuwa lina kanisa kuu la askofu, ingawa nathubutu kusema kwamba lingeenea lote katika uwanja wa kuegesha magari wa duka letu moja kubwa hapa. Kanisa hilo ni la kale mno. Ndani yake mna saa ambayo kila robo saa wapiganaji wadogo waliopanda farasi huzunguka na kuangushana. Nje kuna batamaji waliofunzwa kuvuta kamba ya kengele wanapotaka chakula. Chumba chenyewe kiko darini, dari imeinama, bafu liko koridoni, na dirisha linatazama mnara wa kanisa. Kiamshakinywa hutolewa kuanzia saa mbili hadi saa tatu asubuhi. Anayechelewa hana haki ya yai. Kwa hiyo ili wote wawili wale yai, sharti wote wawili wawe wamelala usiku na kuamka asubuhi. Gakii aliitazama picha ile kwa muda, akasema, "Hapo ningelala." Nikalipia siku nne.

Kosa langu lilikuwa moja. Jumapili iliyofuata nilimwomba Elphas, katibu wa kanisa, atafute mtu wa kusoma Neno badala yangu. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia.

Malalamiko yangu, basi, ni haya:

1. Kuhusu kuzaliwa kwa Kamati. Kati ya baraka za mwisho na kikombe cha kwanza cha chai, kulikuwa tayari na mwenyekiti (wewe), katibu (Elphas), mweka hazina, mratibu wa maombi, na kundi la WhatsApp lenye picha yangu na Gakii iliyopigwa harusini kwa watu wengine. Mimi niliingizwa kundini jioni, kama mwanachama wa kawaida. Nilipojaribu kuandika ujumbe, simu ilinieleza kwamba ni viongozi tu wanaoruhusiwa kutuma. Sijawahi kusikia mtu aliyenyimwa nafasi ya kuchangia katika safari yake mwenyewe, isipokuwa marehemu.

2. Kuhusu aibu. Katika kikao cha kwanza ulisema, na kumbukumbu zinaonyesha kwamba ulipigiwa makofi, "Huyu akienda kulala gesti, watu watasema hatuna watu." Naiheshimu hoja hii, ila nauliza: ni watu gani hao watakaosema? Wakazi wa Wells hawatujui. Batamaji wana shughuli zao. Watu pekee wanaoweza kusema ni watu wetu, na kama ni watu wetu ndio watakaosema, basi tayari tunao, na hoja inajifuta yenyewe. Elphas naye aliuliza kwa sauti ya chini kama hiyo gesti ni ya heshima, au ni zile za kule nyumbani ambapo mtu huandika jina la mjomba wake kitabuni. Nilimjibu kwamba naenda na mke wangu wa ndoa. Alikohoa, akasema, "Hata wale husema hivyo, Daktari."

3. Kuhusu Truphosa. Simjui Truphosa. Naambiwa ni binti ya dada yako, ni muuguzi, anaishi mji wa Reading, na ana roho nzuri. La mwisho silitilii shaka, maana amenitumia sauti: "Anko, nyinyi kujeni tu! Gesti ya nini na mimi niko? Godoro nishanunua. Watoto watalala sebuleni, wamezoea. Na huko Wells ni hapa tu, masaa mawili kwa gari, mnaenda mnaona kanisa mnarudi kula." Kamati iliupokea umbali huo bila swali. Silaumu. Sisi ni watu wa Texas. Tunaendesha gari saa nne hadi Houston kula keki ya mtoto wa mtu na kurudi siku hiyo hiyo. Saa mbili kwetu ni ujirani. Lakini mtu aliyechagua chumba ili alale kando ya kanisa, kisha akalazwa umbali wa saa mbili na kanisa hilo, ameshinda nini? Zaidi ya hayo, Truphosa ameomba likizo kazini kwa ajili yetu. Yaani ili muuguzi mmoja apumzike, muuguzi mwingine atumie mapumziko yake kupika.

4. Kuhusu mizigo. Tiketi yetu ni ya wenye kubana matumizi: kila msafiri ana ruhusa ya mfuko mmoja utakaoingia chini ya kiti. Nilieleza hili kwa maandishi. Tangu wakati huo nimepokea, "kitu kidogo tu", vitamini za kina mama wawili, gauni la ubatizo, karanga za kukaanga za mtu ambaye hakutaka kutaja jina, na buti za ngozi za wachunga ng'ombe zilizotoka Houston kwa mkono wa ndugu Mwita, zikielekea kwa mpwa wake anayesoma Manchester. Nilipomwonyesha Mwita kwamba buti moja tu inajaza mfuko mzima, alicheka, akanipiga begani: "Professor mzima! Si uzivae?" Kamati ikapitisha kwamba nizivae. Miguu yangu ni midogo kuliko ya mpwa. Ikapitishwa pia kwamba nivae soksi tatu.

5. Kuhusu kwaya. Hapa, Mwenyekiti, ndipo mantiki ilipovua kofia na kutuaga. Ilisemwa kwamba kwa kuwa tunakwenda penye kanisa kuu, si vyema liimbiwe na wengine tu. Kwa hiyo kwaya itakuja. Kwa kuwa kwaya itakuja, lazima vitenge viwe sare. Kwa kuwa kuna sare, lazima kuwe na picha; kwa kuwa kuna picha, lazima mchungaji awepo; na kwa kuwa mchungaji yupo, haiwezekani alale kwa Truphosa pamoja na watu wote, basi yeye ndiye atakayelala gesti, katika chumba chetu. Ndugu Mwita amejitolea kuendesha basi kutoka uwanja wa ndege, akisema hana wasiwasi kwani "hao wanaendesha upande wetu wa nyumbani." Kisha mratibu wa maombi akasambaza ratiba inayotuamsha alfajiri kila siku. Naipinga ratiba hiyo kwa nguvu zote, hasa kwa kuwa safari hii tayari ina ratiba, niliyoiandaa mimi mwenyewe, iliyo kamili na yenye kufuata mantiki.

Nimetafakari dawa ya mambo haya. Kuomba Kamati ivunjwe hakutoshi, kwa sababu kuivunja kutahitaji kikao, na kikao kitazaa kamati ndogo ya kuchunguza kwa nini nimekasirika. Kuahirisha safari hakutoshi pia. Truphosa tayari ana godoro. Ugonjwa wetu hasa ni kwamba tuna watu. Tiba yake, kwa hiyo, haiwezi kuwa nyingine ila moja, nami naiomba kwa unyenyekevu.

Naomba nipewe cheti, chenye muhuri wa kanisa na sahihi yako, kinachothibitisha kwamba mimi na Gakii, kwa siku nne zilizotajwa, ni watu wasio na watu. Cheti kieleze kwamba hatuna mpwa, binamu, mkwe, mtu wa kijijini kwetu, wala mtu aliyesoma na mtu tuliyesoma naye, katika eneo lote la Uingereza. Kianze kutumika tunapokabidhiwa ufunguo na kikome tunapourudisha. Nitakivaa shingoni. Mkenya yeyote atakayetusimamisha barabarani na kusema, "Hiyo sura ni ya nyumbani," ataonyeshwa cheti na kuombwa aendelee na safari yake. Mimi naahidi kwamba muda wake ukiisha tutarudi kuwa na watu mara mbili ya kawaida: nitahudhuria michango yote ya Dallas, Fort Worth na Houston mfululizo, nitakula pilau ya kila mwaliko, na nitambeba Mwita mwenyewe mpaka Manchester akitaka.

Usidhani, Mzee, kwamba sithamini. Nilipofika nchi hii nikiwa na sanduku moja na koti lisilofaa, ni wewe uliyenichukua uwanja wa ndege, nami nililala sebuleni kwako hadi nilipopata kazi. Najua godoro la watoto waliohamishwa linavyokuwa. Ila Gakii huwahudumia watu usiku kucha, na mchana simu yake hulia kwa sababu watu wale wale wanamwuliza dawa ya kikohozi. Kwa Truphosa atakuwa jikoni kufikia siku ya pili; si kwa kulazimishwa, ila hawezi kumtazama mtu akikata vitunguu peke yake. Nataka alale usiku mmoja mahali ambapo hakuna anayemjua. Nataka kuwa hapo akiamka. Ni hilo tu.

Nakuomba ulete ombi hili mbele ya Kamati likiwa jambo la kwanza, kabla ya chai. Msalimie mkeo Mama Shem na watoto. Uwasalimu wazee wa baraza, kina mama, vijana, na kwaya yote, sauti kwa sauti. Mwambie Elphas kwamba gesti ile haina kitabu. Watu hujiandikisha kwa simu, majina yao wenyewe.

Ni mimi, mwanachama wako wa kawaida,

Dkt. Kiplagat (Baba Kigen)

Baada ya sahihi: Nilimpa Gakii barua hii aisome aliporudi kazini asubuhi. Alicheka akiwa bado amesimama mlangoni na viatu mkononi, kisha akakaa, akaniambia kwamba Elphas hana kosa. Yeye mwenyewe, Gakii, ndiye aliyempigia Mama Shem simu kuomba kamati iundwe. Nilimwuliza sababu. Akatoa ratiba yangu mkobani, ile iliyo kamili, akanionyesha: saa ya wapiganaji robo ya kwanza, saa ya wapiganaji robo ya pili, misa ya alfajiri, batamaji, mnara, maktaba, batamaji tena. "Baba Kigen," akasema, "umenipangia kila kitu huko isipokuwa kulala. Na wewe mtu mmoja hakushindi. Nilitaka watu wa kukushinda kwa kura." Nimeichana ratiba. Tafadhali cheti kisubiri, na umwulize Truphosa, kwa adabu, godoro lake ni la upana gani.

Kwa maana kulikuwa na jambo lingine. Nilitaka kumtuliza, nikamwambia kwamba popote tutakapolala, yeye atachukua upande wake aliouzoea. Akaniuliza, "Upi?" Nikafungua mdomo nimjibu, nikaona sijui: kila ninapolala kitanda chote ni changu, na kila anapolala ni chake. Taulo lake pia sijui huanikwa wapi. Sasa, Mwenyekiti, kwa maana ya neno tuliyokubaliana hapo juu, naomba Kamati inisaidie: katika nyumba yetu hii ya Arlington, kati yangu na Gakii, mgeni ni nani?