Mnusaji Rasmi wa Maua Nafuu

Ilitangazwa rasmi, na asiyesikia atajilaumu mwenyewe, kwamba Idara ya Muda ya Maua Halali ya Bei Nafuu imekamilisha ziara zake za mafunzo katika nchi ambako bangi huuzwa dukani, kwa risiti na asante ya muuzaji. Aliyezikamilisha ni Kaimu Mkurugenzi, Bwana Zablon Ondari, akiwa peke yake, kwa sababu idara haikuwa na mtu mwingine wa kujitolea namna hiyo.

Alikwenda kama mteja. Jambo hili lilipimwa kwa kina, ikaonekana kwamba serikali haiwezi kudhibiti kitu isichokijua ladha. Na kwa kuwa Bwana Zablon ni mtu wa wananchi, hakugusa maua ya matajiri. Alinunua yale ya rafu ya chini, yanayopendwa na wanafunzi na wastaafu. Akayavuta kwa niaba ya Mkenya wa kipato cha chini, akacheka kwa niaba yake, na asubuhi akashindwa kuamka kwa niaba yake. Alirudi nyumbani na cheti cha Mnusaji wa Daraja la Pili, chenye muhuri wa rangi ya dhahabu, alichopewa na duka lenyewe kwa kuwa mteja mwaminifu.

Kilichomsumbua kilikuwa neno Kaimu. Lilikaa mbele ya cheo chake kama kokoto ndani ya kiatu. Wakubwa walisema litaondoka siku atakapoleta matokeo. Akapangiwa safari ya mwisho, Saudi Arabia, nchi ambako ua hilo haliuzwi, halivutwi wala halitaniwi, akawaelimishe Wakenya wanaofanya kazi huko kuhusu kitu ambacho tayari walikuwa wanakiogopa kuliko kifo.

Alianzia Riyadh, katika ukumbi mdogo juu ya duka la kufungia mizigo huko Al-Dirah. Madereva, walinzi na wasichana wa kazi waliopata ruhusa walijaa hadi kwenye ngazi.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimekuja kuwaonya."

Akawaonya kwa muda wa kutosha kukohoa. Kisha uso wake ukalainika.

"Kuna ua moja linaitwa Bibi wa Jumapili. Bei yake ni ya mwananchi kabisa. Harufu yake ni ganda la chungwa na udongo ulionyeshewa. Ukilivuta jioni, hata mama mkwe unamwona ni mtu mzuri. Lipo lingine, Kicheko cha Mjomba. Hilo ni rahisi zaidi, ingawa lina mbegu nyingi. Silipendekezi kwa dereva wala kwa mtu anayesoma bajeti." Akafumba macho, akavuta hewa taratibu kwa pua. "Yote hayo nayakataza vikali."

Maureen, aliyekuwa amemwachia madam watoto kwa saa chache, akainua mkono. "Bosi, hilo la mama mkwe linapatikana wapi?"

"Hapa? Hapa mafi, hakuna kabisa! Ukishikwa nalo, halas, umekwisha!"

"Sasa mbona unatusomea menyu ya hoteli iliyofungwa?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mlinzi mmoja aitwaye Derrick akadakia kutoka mlangoni, "Na wewe, mheshimiwa, uliyavuta?"

"Niliyavuta kiserikali."

"Yakakushika kiserikali?"

Bwana Zablon alihesabu kicheko kile kuwa ushiriki mkubwa wa wananchi, akapanda ndege kwenda Jeddah akiwa ameridhika. Hata hivyo moyoni alijua kwamba kicheko si matokeo. Alihitaji kukamata kitu, na kitu chenyewe kiwe na mwenyewe.

Jeddah alipokelewa na Alfayo, dereva wa familia moja ya huko, ambaye bosi wake alimwazima kwa heshima ya mgeni. Ijumaa mchana Alfayo akampeleka mtaa wa Bani Malik, kwenye chumba alichopanga Emmah, mwanamke wa Vihiga anayefanya usafi wa nyumba za watu. Siku hiyo walikuwa wakimuaga Sellah, dada yake Alfayo. Mkataba wake ulikuwa umeisha, kafili, mwajiri aliyemdhamini, amemtolea kibali cha kuondoka, na Jumamosi jioni alikuwa anapanda ndege. Mtoto wake alimwacha hajaota meno. Sasa alikuwa anavaa sare ya shule.

Ugali ulikuwa umeshaiva. Sellah akatoa kwenye sanduku mfuko wa plastiki wenye majani makavu, ya kijani iliyokolea, yaliyosagika.

Pua ya Bwana Zablon ikasimama.

"Usisogee! Hicho ni nini?"

"Mrenda, mheshimiwa. Mama aliukausha mwenyewe juani, akamtuma mtu aniletee. Nimeuweka kwa ajili ya leo."

"Kila mtuhumiwa husema ni mboga."

"Sasa niseme ni nini, na ni mboga?"

Bwana Zablon alikuwa mzaliwa wa mjini. Kwake, mboga ni kile kinachowekwa kando ya nyama ili sahani isionekane na kiburi. Akauchukua mfuko, akaingiza pua, akafumba macho yale yale ya Riyadh.

"Udongo," alisema kwa sauti ya ibada. "Nyasi ya asubuhi. Halafu kwa mbali sana, utulivu. Hili ni daraja la kwanza."

"Wee!" Emmah aliinuka. "Hebu nibandike sufuria, niweke magadi kidogo, uuone mrenda unavyovutika. Bangi inavutika hivyo?"

"Kuharibu ushahidi kwa magadi? Hakipikwi kitu hapa!"

Alfayo akamshika mkono kwa adabu, akamvuta kando. "Bosi, naomba unisikie. Hapa si nyumbani. Ukilitamka neno hilo mbele ya polisi wa huku, ndege itaondoka bila dada yangu, na hakuna atakayetuambia lini atatoka. Mimi nimekaa hapa. Nimeona watu."

Bwana Zablon alimsikiliza kwa makini, na alichosikia ni neno Kaimu likianguka sakafuni.

"Serikali haina dada," akasema. "Jioni namkabidhi kwa vyombo husika, pamoja na sampuli."

Sellah hakulia. Alimtazama mgeni wake akifunga mfuko, akasema, "Basi usiuloweshe, mheshimiwa. Ukilowa unaoza."

Hoteli yake ilikuwa karibu na Balad, na dirisha lake liliangalia nyumba za kale zenye roshani za mbao. Lakini Bwana Zablon hakuja kutalii. Kanuni ya idara, aliyoitunga mwenyewe angani kati ya Nairobi na Riyadh, ilisema kwamba sampuli haikabidhiwi kwa nchi rafiki kabla haijathibitishwa na mteja mwenye cheti. Akajifungia bafuni. Karatasi nyembamba aliyokuwa nayo ilikuwa ukurasa wa kwanza wa hotuba yake, ule wa maonyo. Akausokota vizuri.

Moshi wa kwanza ulimkwaruza koo, dalili ya ubora. Wa pili ulimtoa machozi, dalili ya ukweli. Wa tatu ukamkalisha kwenye ukingo wa bafu, na hapo amani ikamshukia. Alicheka na sabuni. Bomba lilidondosha tone, naye akaona limemwelewa kuliko katibu wake. Akasimama mbele ya kioo, akatoa tathmini kwa sauti:

"Nimenunua mengi, nimevuta mengi, ila hili ndilo. Haliumizi kichwa. Halina mbegu. Bei ni bure. Mwananchi amekumbukwa!"

Akasokota la pili ili kuthibitisha la kwanza. Ndipo king'ora cha moshi kilipoanza kulia darini, wahudumu wakagonga, na baada ya wahudumu wakagonga watu wasiobeba taulo.

Katika kituo cha polisi aliomba mambo mawili: kiti chenye mgongo na dereva wake wa kumtafsiria. Na kwa kuwa alitaja jina la Sellah kabla hajaulizwa jina lake mwenyewe, Sellah naye akaletwa. Aliingia akiwa ameshika mkono wa kaka yake. Saa ya ukutani ilimtazama kama mtu mwenye habari mbaya.

Kapteni alikuwa mtu mzima mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri na uchovu wa Ijumaa. Mfuko ulikuwa mezani mbele yake, umefungwa tena.

"Mwambie," Bwana Zablon alimwagiza Alfayo, "kwamba mimi ni mtaalamu. Hii ni bangi ya daraja la kwanza. Nimeithibitisha mwenyewe, kwa mapafu yangu. Mwenye mali ni yule pale."

Alfayo akamtazama kapteni, kisha akamgeukia bosi.

"Tafsiri!"

"Bosi, nitafsiri yote?"

"Neno kwa neno!"

"Hata hapo kwa mapafu?"

"Hapo ndipo penye ushahidi!"

"Kwa hiyo nimwambie kapteni wa Saudia kwamba wewe umevuta bangi hotelini kwake, ukaipenda." Alfayo aliongea polepole, kama anayemsomea mtu dawa. "Anayeshika na anayevuta, bosi, wote wanalala humu. Tai hawakuachii. Nianze?"

Kwa mara ya kwanza tangu apewe cheti, Bwana Zablon alifikiri. Alitazama mlango wa chuma. Akatazama tai yake.

Kapteni alichoka kusubiri tafsiri, akaufungua mfuko. Akanusa. Akachukua majani kidogo, akayasugua kati ya vidole. Uso wake wote ukapanda juu.

"Mulukhia!" akasema.

Ni mboga ile ile. Waarabu huipika kwa kuku na vitunguu saumu, na hakuna mtoto wa Jeddah ambaye hakuila akakua. Kapteni aliita walio chumba cha pili. Wakaja, wakanusa, wakamtazama mtu mwenye tai, wakashikana mabega kwa kicheko. Mmoja alilazimika kukaa chini.

"Anasema," Alfayo alitafsiri, akijitahidi kuuweka uso sawa, "mama yake anaipika kila wiki, hakujua kwamba kumbe inavutwa. Anauliza kwenu mnavuta na bamia?"

"Mwambie amekosea!" Bwana Zablon alifoka. Heshima yake ilikuwa imeamka kabla ya akili. "Nina cheti!"

Kicheko kikakatika. Kapteni akainamisha kichwa, akauliza swali fupi, taratibu.

"Anasema uchague sasa hivi, kwa mdomo wako mwenyewe, na dada yangu asikie," alisema Alfayo. "Ulivuta haramu, au ulivuta mboga?"

Mbele yake Bwana Zablon aliziona ziara zake zote, maduka yale yenye vioo, rafu zile za chini, Bibi wa Jumapili, muhuri wa dhahabu. Sellah hakuondoa macho usoni mwake.

"Mboga," akanong'ona.

"Hakusikia, bosi."

"Mboga! Nilivuta mboga!"

"Anauliza ulionaje."

Hapa lazima asifiwe, kwa kuwa alijibu kwa uaminifu wa mteja.

"Ilinituliza sana," alisema.

Wanasema hata mahabusu walicheka bila kutafsiriwa.

Jumamosi mchana Sellah, aliyeachiwa pamoja na mfuko wake, aliupika mrenda uliobaki. Kapteni alituma mtu na chombo aonjeshwe. Jioni Sellah akapanda ndege, na kwa kuwa serikali hupenda kubana matumizi siku inayotaka, Bwana Zablon alikuwa katika ndege ile ile, safu tatu mbele yake. Kabla simu hazijazimwa, ujumbe ulimfikia kutoka Nairobi, ambako habari ilitangulia kwa mbio kuliko ndege. Wakubwa walimjulisha kwa furaha kwamba ombi lake limekubaliwa na neno Kaimu limefutwa. Na kwa kuwa kalamu ilikuwa bado na wino, neno Mkurugenzi nalo limefutwa.

Angani mhudumu alifika na kigari cha chakula, akamwinamia kwa tabasamu.

"Kuku au mboga, mzee?"

"Kuku," akasema haraka, akigeukia dirisha.

Sauti ikatoka viti vya nyuma, tamu na yenye heshima zote:

"Mpatie mboga, dada. Huyo ni mteja wetu."