Kochi Linalozama na Mtoto Asiyegeuka

Jumatatu, 4 Machi

Kliniki asubuhi. Wiki ya thelathini na sita. Mkunga amempapasa mke wangu tumbo kwa muda mrefu, kichwa ameinamisha kama mtu anayesikiliza jirani kupitia ukuta. Mtoto ametanguliza kichwa, vizuri. Ila mgongo wake umeegemea mgongo wa mama. Ingefaa ageuke, mgongo uje mbele, maana akibaki hivyo uchungu unaweza kuwa mrefu na kiuno kikauma sana. Tusiogope, amesema, wengi hugeuka wenyewe. Mama akae ameinama mbele kidogo, magoti yawe chini kuliko nyonga. Akijisikia, apige magoti na mikono sakafuni. Asijizamishe kwenye viti laini.

Hapo mke wangu akanitazama. Kochi letu linazama. Nililitengeneza mwenyewe, miezi minne, sponji mbili. Katika miaka kumi na sita ya useremala sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile.

Nyumbani mama mkwe akaniita pembeni. Kumbe mke wangu mwenyewe alizaliwa akiangalia dari. Siku mbili za uchungu. Alisema hayo taratibu huku akikunja taulo, kisha akalikunjua na kulikunja tena. Nikasema niachie mimi.

Nimechonga penseli. Kazi imeanza.

Jumanne, 5 Machi

Mjamzito haambiwi asikae anapotaka. Nina akili kuliko hiyo. Nimeweka vipande vya mbao chini ya miguu ya nyuma ya kochi, inchi nne kila kimoja. Sasa linamsukuma mkaaji mbele. Mtoto hatajua hata kilichomgeuza.

Wa kwanza kukaa akawa mama mkwe, na kikombe cha chai mkononi. Aliteleza polepole, kwa heshima zake, kama droo inayofunguliwa. Hakumwaga hata tone. Akamalizia chai yake akiwa sakafuni, ndipo akaniita. Akiniridhia huniita mwanangu. Leo ameniita fundi.

Vipande nimevitoa.

Alhamisi, 7 Machi

Suala la kupiga magoti. Hila ya leo ilikuwa safi. Nilimwaga boksi zima la vifungo vya makochi chini ya meza, nikashika kiuno na kuugua. Mke wangu ana huruma. Angeinama kuokota, apende asipende.

Alisema pole. Kisha akavuta stuli, akakaa ameinama mbele, viwiko mezani, akawa ananionyesha kwa kidole kila kifungo nilichokiruka. Vifungo mia mbili na kumi. Nimetambaa saa nzima. Mama mkwe alipopita akauliza kama ni mimi niliyeambiwa nigeuke. Walicheka mpaka mke wangu akajishika tumbo.

Siku imepotea. Yeye stulini tu, ameinama, anacheka.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mkwe ameleta mpira. Mpira mkubwa wa mazoezi, kauazima kwa jirani yetu nesi. Mke wangu anaukalia, anazungusha kiuno, anasema amepata nafuu ambayo hajaipata mwezi mzima. Mama mkwe akanitazama kwa ule upole wa mtu aliyeshinda.

Mpira! Kitu kisicho na miguu, kisicho na kiungo hata kimoja, kilichojaa pumzi ya mtu. Na mimi ni seremala.

Natengeneza kiti.

Jumatatu, 11 Machi

Kiti kimekwisha. Unakikalia kwa kutanguliza kifua, magoti yanashuka, mikono inapumzika juu ya mto. Huku mbele kuna uwazi wa tumbo. Vipimo nilivichukua kwa macho, wakati mke wangu anakula, ili asishtuke.

Alikiangalia, akanisifu kwa ulaini wa mbao, akasema nianze mimi. Nikaanza. Niliingia vizuri sana. Kutoka ndiko kulikoshindikana. Nilivuta, nikasukuma, nikajaribu kusimama nacho, nikagonga kabati. Mwishowe mama mkwe akachukua bisibisi yangu na kufungua ubao wa mbele bila kuuliza skrubu ziko wapi. Ana mkono mzuri. Sikumwambia.

Alipokwenda jikoni, mke wangu hakuwa anacheka tena. Alisema amesikia habari za siku mbili, mama yake alimsimulia tangu zamani. Anaogopa. Nikamwambia kiti kinaweza kupanuliwa.

"Sitaki ufundi leo," alisema. "Nataka ukae hapa."

Nikakaa sakafuni. Akapiga magoti mbele yangu, akaniwekea mikono mabegani na kichwa juu yake, akawa anapumua. Niliona jua likihama kutoka kwenye mlango wa kabati hadi kwenye meza. Miguu yangu ilikufa ganzi. Sikusogea.

Alasiri yote imekwenda hivyo. Kuhusu mtoto hatukufanya lolote.

Alhamisi, 14 Machi

Kliniki. Mtoto yuko vilevile. Mkunga hana wasiwasi. Nikamwonyesha michoro mitatu, pamoja na ule wa redio inayofungwa chini ya kitovu ili mtoto avutike na kugeuka. Aliitazama yote kwa subira. Akauliza kama siku hizi sina wateja.

Jumapili, 24 Machi

Amezaliwa. Msichana.

Uchungu ulianza jana tukinywa chai ya asubuhi. Hospitali mke wangu alikataa kulala. Alisimama, akamwegemea mama yake, akachoka, akaniegemea mimi, akarudi kwa mama yake. Mkoba wangu ulikuwa na futi, pimamaji na mito miwili ya umbo maalumu. Mkunga alichukua mito, ila futi na pimamaji akaviweka juu ya kabati nisikofika.

Kiuno kilimuuma vibaya. Alipiga magoti, akakumbatia kichwa cha kitanda, akasema hawezi tena. Mama mkwe alikuwa anamkanda mgongo, machozi yanamtoka bila sauti, na mkono wake haukusimama. Mimi nilishika bilauri ya maji. Sina hila ya kuandika kuhusu saa ile. Nilishika bilauri tu, na kila alipoinua uso nikamnywesha.

Alasiri mkunga akapima, akatabasamu. Mtoto alikuwa amegeuka mwenyewe, njiani. Haikupita saa nzima tukasikia sauti yake.

Mama mkwe alinishika mkono akasema hazikutimia siku mbili. Hata moja haikutimia. Kisha akaketi, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Jumamosi, 30 Machi

Tuko nyumbani. Mkunga amekuja kumwona mtoto. Nilimfuata hadi mlangoni nikamuuliza kwa siri ni kipi hasa kilichomgeuza. Akasema hakuna anayejua. Mama alikaa alivyojisikia, alikuwa na watu wake, na mtoto hugeuka akitaka. Nimemshukuru. Ni mstaarabu yule mama, hakutaka kunisifu mbele ya mama mkwe.

Jirani nesi amekuja kuuchukua mpira wake. Nilimbebea mwenyewe hadi nje.

Jambo moja linanisumbua. Binti akilala anageuza uso kulia, kwenye dirisha. Kila mara. Mkunga amesema wengi huanza hivyo, tuwe tunamlaza kwa kubadilisha upande, ataacha. Mke wangu amesema nimwache mtoto. Mama mkwe amesema hivyo pia, tena ameniita fundi.

Sasa hivi wote watatu wamelala. Nimeshapima ukuta wa kushoto. Dirisha la pili halitachukua zaidi ya siku mbili.